Malkia asiye na mbawa: siri ya siafu iko kwa ndugu zake

Masika yakianza, taa ya barazani kwa shangazi yangu kule Lushoto hupata mgeni. Ni mdudu mnene wa rangi ya kahawia iliyopauka, tumbo limejaa kama soseji, macho makubwa, na anaruka ovyo kama mlevi atokaye kilabuni. Hugonga balbu, huanguka sakafuni, huzunguka kwa mgongo, kisha hupanda tena kuigonga. Watoto humkimbia wakidhani ni nyigu. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mdudu yule ni siafu, tena siafu dume, na kwamba hana hata mwiba wa kutisha watoto. Shangazi nilipomweleza alinitazama kwa huruma. Siafu anawajua yeye: wamepita sebuleni kwake mara nyingi, wakala mende, mijusi na vifaranga, na yeye alikaa nje na watoto mpaka walipomaliza. "Waache wapite, wanafagia," ndivyo asemavyo. Lakini hilo lidude la kwenye taa? Hapana.

Shangazi asichekwe, maana aliyemtangulia kukosea ni Linnaeus mwenyewe, baba wa elimu ya kuainisha viumbe. Mwaka 1764 aliletewa dume wa aina hii kutoka Afrika ya kusini akamwandika kuwa nyigu: Vespa helvola. Leo tunamwita Dorylus helvolus na tunajua ni siafu. Na haikuishia kwa madume. Mwaka 1863 Gerstäcker, mtaalamu wa Ujerumani, alipata malkia wa siafu wa Asia, mdudu asiye na mbawa, tumbo limevimba kama puto, akaona hafanani na chungu yeyote anayemjua. Akamfungulia jenasi yake peke yake na kuiita Dichthadia. Baba akaitwa nyigu, mama akapewa ukoo mwingine, watoto wakawa na jina la tatu. Kizazi baada ya kizazi, wataalamu walikuwa wakikusanya vipande vya familia moja bila kujua ni familia.

Naanza na makosa hayo kwa sababu ninaona sisi bado tumo ndani yake kwa namna nyingine. Tunapomtaja siafu tunataja jeshi: msafara, askari wenye taya, hujuma, nidhamu. Filamu za wanyama kwenye runinga hurudia hayo hayo kwa muziki wa vita. Ninavyoona, msafara ni sehemu ya nje tu ya jambo. Kinachomfanya siafu awe siafu ni jinsi familia yake inavyozaa na inavyogawanyika, na jambo hilo halionekani vizuri ukimtazama siafu peke yake. Huonekana ukiwatazama ndugu zake wadogo wasio na jina katika lugha yetu, wanaoishi mia mia chini ya jiwe au ndani ya gogo bovu, na wasioweza kumfukuza mtu hata kutoka kwenye mkeka.

Kwanza tuweke sawa kinachofahamika zaidi. Kila mtu wa Afrika Mashariki anawajua kumbikumbi. Mvua ikikatika wanatoka ardhini kwa maelfu, dume na jike wote wana mbawa, wanaruka, wanaangusha mbawa, wanafuatana wawili wawili kutafuta pa kuanzia maisha, na wengi wao wanaishia kikaangoni. Mchwa si chungu. Kiukoo yuko karibu na mende. Hata hivyo chungu wengi huzaliana kwa mtindo unaofanana na huo. Majike wenye mbawa hutoka shimoni siku moja, hukutana na madume hewani au juu ya majani, kisha kila jike hujichimbia tundu lake na kuanza kulea peke yake. Kati ya majike elfu, pengine mmoja atafikia kuwa na kundi. Ni kama kupanda mchicha: unamwaga mbegu nyingi, zinazoota ndizo zako.

Siafu hafanyi hivyo. Malkia wa Dorylus hazaliwi na mbawa na hataziota. Hawezi kuruka, hawezi kuanza peke yake, wala hawezi hata kujilisha kwa muda mrefu bila wafanyakazi. Ni chungu mkubwa kuliko wote tunaowajua, hufikia urefu wa takriban sentimita 5 tumbo likijaa mayai. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Raignier na van Boven, waliofanya kazi Kongo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1955, walikadiria kwamba malkia wa Dorylus wilverthi anaweza kutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi, na kwamba kundi lake linaweza kufikia wafanyakazi milioni 20. Makadirio ya baadaye ya ukubwa wa makundi yameshuka, lakini hata tukikata nusu, bado tunazungumzia mama mmoja mwenye watoto wengi kuliko watu wa jiji la Dar es Salaam.

Sasa mama kama huyo anapataje mjukuu wa kuendeleza ukoo? Kwa kugawa nyumba. Kundi likishakuwa kubwa, hulea kikundi kidogo cha majike wapya, pamoja na madume wengi. Kisha wafanyakazi hugawanyika katika mikondo miwili: mmoja na malkia huyu, mwingine na yule. Kwa siafu wa Amerika ya kitropiki, Eciton burchellii, jambo hili limeandikwa kwa kina. Wafanyakazi huchagua ni mwali gani wa kumfuata, na majike wapya waliobaki huzingirwa na dada zao, hufungiwa mahali walipo, huachwa hadi wafe. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nao hawakuwa wakizungumzia majike. Hata mama mzee hana uhakika: akionekana amechoka, naye anaweza kuachwa nyuma, mikondo yote miwili ikaondoka na mabinti.

Hapo ndipo neno "malkia" linaponikera. Katika vitabu vyetu vya shule malkia "anatawala" kundi. Mtawala gani huchaguliwa na wafanyakazi wake, akabebwa nao, akalishwa nao, na akaachwa nao siku nguvu zikimwishia? Ningekuwa na madaraka ya kubadilisha kamusi, ningemwita mzazi tu. Lakini neno limeshakaa midomoni, na mimi mwenyewe nitaendelea kulitumia katika makala hii.

Sasa turudi kwa mlevi wa kwenye taa. Kwa kuwa mwali haruki, anayesafiri ni dume peke yake. Usiku hutoka kwao akaruka, akitua karibu na msafara wa kundi lingine hupokewa na wafanyakazi wa kigeni. Kwa siafu wa Afrika, wafanyakazi hao humkamata, humkata mbawa, humburuta hadi ndani. Wakati mwingine natamani kusema kwamba mbawa ndizo mahari yake, maana hazirudishwi. Asiyefika kwenye kundi lolote hufia barazani kwa shangazi, na asubuhi kuku humwokota.

Mwali mmoja haoi dume mmoja. Mwaka 2004 Daniel Kronauer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya DNA vya Dorylus molestus, siafu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki anayejulikana sana kuzunguka Mlima Kenya. Waligundua kwamba kwa wastani malkia mmoja alikuwa amepandana na madume 17 hivi. Huhifadhi mbegu zao zote mwanzoni mwa maisha yake, akazitumia kidogo kidogo hadi kufa, bila kuolewa tena.

Tukae kidogo hapa, kwa sababu hesabu yake ni tamu. Katika jamii ya chungu, dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Hana baba, ana babu tu, upande wa mama. Kwa hiyo mbegu zote za dume mmoja ni nakala ya kitu kile kile, na mabinti wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana robo tatu ya jeni zao, zaidi ya binadamu ndugu wa tumbo moja ambao wastani wao ni nusu. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ya robo tatu ilitajwa kama sababu ya chungu kujitoa kwa ajili ya dada zao. Lakini weka mababa 17 ndani ya shimo moja. Wengi wa wafanyakazi sasa ni dada wa kambo, na wastani wa undugu wao unashuka hadi karibu 0.28, juu kidogo tu ya robo. Siafu anayekubali kukatwa kichwa kwa ajili ya msafara anafia dada zake wa kambo, ambao pengine hakuwahi kukutana nao.

Mlima Kenya ulitoa jambo jingine la kushangaza zaidi. Watafiti waliondoa malkia kwenye makundi ya D. molestus, wakasubiri. Wafanyakazi wana ovari, wanaweza kutaga mayai ya madume. Nadharia ya kawaida ingetarajia wafanye hivyo: mama kafa, kila mtu ajitafutie. Mara nyingi hawakufanya hivyo. Walijiunga na kundi la jirani, kundi ambalo mara nyingi halikuwa na undugu wa moja kwa moja nao, wakapokewa. Maelezo waliyoyatoa mwaka 2010 ni ya hesabu baridi: kulea madume wa mwisho ukiwa yatima hakulipi, na kwa kuwa malkia husafiri kwa miguu tu, majirani kwa wastani ni ndugu wa mbali. Mwali haendi mbali na kwao; anayekaa bonde la pili huenda ni binti wa shangazi yako. Kujiunga naye si wema tu.

Angalia jinsi kila kitu kinavyorudi kwenye mbawa zilizokosekana. Malkia haruki, kwa hiyo haanzi peke yake. Haanzi peke yake, kwa hiyo kundi lazima ligawanywe. Kundi likigawanywa, kila upande lazima uwe na watu wa kutosha tangu siku ya kwanza, na watu wa kutosha wanahitaji chakula kingi kwa mpigo. Chakula hicho kikiisha mahali pamoja, kundi zima linahama. Lakini mlolongo huo ninaoupanga unaweza kusomwa kinyume: kwamba uwindaji wa pamoja ulianza, kuhama kukafuata, na mbawa zikapotea mwishoni kwa kuwa hazikuhitajika tena. Ukiwa na siafu peke yake huwezi kuamua, maana kwake vitu vyote vitatu vimekuja pamoja. Ndiyo maana tunawahitaji ndugu.

Hadi mwaka 2014 ndugu hao walikuwa wametawanywa katika makundi sita ya uainishaji, kila kimoja na jina lake. Mwaka huo Brady, Fisher, Schultz na Ward, wakitumia DNA, walionyesha kwamba wote ni wa nyumba moja, wakawaweka chini ya jina Dorylinae, jina la siafu wetu. Ndani yake kuna jenasi karibu thelathini. Wachache ni siafu kamili wa misafara: Dorylus wa Afrika na Asia, Aenictus, na jamaa za Eciton wa Amerika. Wengine ni wale wadogo niliowataja, wengi wao wawindaji wa chungu wenzao. Kuna jamaa wa Australia ambaye Hölldobler alimchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1980: huvamia viota vya chungu wengine, huchoma mabuu wao kwa mwiba, na mabuu hao hubaki hai bila kujitikisa, wakahifadhiwa kama nyama ya kukausha. Mwenye ghala la namna hiyo hana haja ya kuhamahama kama siafu.

Na yupo Aenictogiton, aliyetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901, mkazi wa Afrika ya kati. DNA ilionyesha kuwa ndiye ndugu wa karibu kuliko wote wa siafu wetu. Kwa zaidi ya miaka 100 elimu ilimjua kwa madume tu, wale wale wanaokuja kwenye taa.

Lakini ndugu aliyebadilisha mazungumzo ni mwingine: Ooceraea biroi. Mdogo, mnene, rangi ya kahawia nyekundu, hana macho, asili yake ni Asia ya kusini, na binadamu wamemsafirisha pamoja na udongo wa miche hadi visiwa vingi vya kitropiki. Huvamia viota vya chungu wengine na kuiba watoto wao. Kundi lake ni la mamia, na ndani ya kundi hilo hakuna malkia. Dume huonekana mara chache mno na hana kazi. Kila mfanyakazi anataga, na yai lake, bila baba yeyote, hukua kuwa jike aliye nakala ya mama yake. Siafu ana mababa 17; huyu hana hata mmoja. Siafu ana undugu wa 0.28; huyu anakaribia moja kamili. Ndugu wawili wa nyumba moja wamekwenda mwisho wa pande mbili, na wote wawili wanaishi kwa kuvamia kwa pamoja. Kama bado kuna mtu anayefikiri kwamba ukaribu wa damu peke yake ndio unaoamua nani atashirikiana na nani, nadhani ndugu hawa wawili wanamdai maelezo.

Pasipo malkia, nani huamua lini watu watage na lini wawinde? Hapa ndipo nilipokaa kitini nikasoma mara mbili. Maisha ya kundi hilo huenda kwa mzunguko wa siku 34 hivi. Kwa takriban siku 18 wote wamo ndani, wanataga, mayai yanakua. Mabuu wakianguliwa, ovari za wakubwa husinyaa, na kwa takriban siku 16 kundi linatoka kuwinda ili kuwalisha. Mabuu wakigeuka pupa, njaa inaisha ndani ya nyumba, na ovari zinaamka tena. Mabuu ndio saa. Ukiwaondoa mabuu maabara, wakubwa wanaanza kutaga, ukiwarudisha, wanaacha. Wahenga wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huenda ni kweli kwetu, lakini hapa mtoto ndiye anayempangia mama siku za kuzaa na siku za kwenda shamba.

Mzunguko huo si mgeni. Schneirla, aliyemfuatilia Eciton burchellii huko Panama kuanzia miaka ya 1930, alieleza kitu kile kile kwa kipimo kikubwa: siku 20 hivi za kutulia, malkia akitaga zaidi ya mayai laki moja, na siku 15 hivi za kuhama kila usiku mabuu wanapokuwa na njaa. Hesabu ya jumla ni siku 35. Kwa chungu wa mamia asiye na malkia, siku 34. Sidai kwamba ukaribu wa namba hizo mbili una maana yoyote. Ninachodai ni kwamba mdundo ule ambao tuliufikiria kuwa alama ya jeshi, kutulia na kuhama, upo tayari kwa mtu asiye na jeshi. Siafu wa Eciton hakuubuni; aliukuta nyumbani. Dorylus wetu ameuacha: huhama bila ratiba, watoto wa umri wote wakiwa pamoja.

Na mdundo huo una ulinzi mkali. Katika kundi la O. biroi hutokea mfanyakazi ambaye ovari zake hazisikii sauti ya mabuu, akawa tayari kutaga wakati wenzake wanawinda. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wenzake humtambua kwa kemikali za ngozi yake, humshika miguu na vipapasio, humvuta pande zote mpaka afe. Kumbuka wote ni nakala moja. Anayeuawa ni kama pacha wako. Hana jeni za uasi ambazo wao hawana. Kosa lake ni kuzaa siku isiyo ya kuzaa, basi.

Mwaka 2018 maabara ya Kronauer katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilionyesha njia ya ndani ya mwili inayopokea sauti ya mabuu. Walikuta peptidi, yaani kijiprotini kifupi, ya jamii ya insulini kwenye ubongo wa chungu huyu: mabuu wakiwepo inapungua, wakiondoka inapanda. Wakaongeza peptidi hiyo kwa chungu walio na mabuu, na ovari zikaamka ingawa watoto walikuwa pale pale wakilia njaa. Walipoangalia spishi nyingine za chungu zenye malkia, wakakuta malkia wana kiwango cha juu cha kemikali hiyo kuliko wafanyakazi. Pendekezo lao ndilo linalonivutia: kwamba mgawanyo wa malkia na mfanyakazi ulianza kwa tofauti ndogo ya lishe. Aliyeshiba kidogo zaidi hakuisikia vizuri sauti ya mabuu, akaendelea kutaga. Aliyekonda aliisikia, akaenda kuwinda. Miaka milioni kadhaa baadaye huyo aliyeshiba ana tumbo la sentimita 5.

Maabara hiyo hiyo ilitoa mwaka 2022 jambo ambalo naliweka hapa kwa sababu siwezi kuliacha. Pupa, yule tuliyefundishwa kwamba amelala tu anasubiri, hutoa majimaji mwilini mwake. Wakubwa huyanywa, na huwaweka mabuu wachanga juu ya pupa wayanywe nao. Majimaji yasipoondolewa, pupa huvamiwa na kuvu akafa. Mabuu wachanga wasipoyapata, wanadhoofika. Kwa hiyo katika nyumba hii watoto wakubwa wananyonyesha wadogo wakiwa usingizini. Hilo limeonekana pia katika jamii nyingine za chungu, si kwa jamaa za siafu tu.

Basi mbawa zilipotea kabla au baada? Mwaka 2003 Brady alichapisha hoja kwamba tabia zote za siafu zilitokea mara moja, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, kabla mabara ya kusini hayajaachana kabisa, na siafu wote wa dunia walirithi kutoka kwa babu mmoja. Ilikuwa hoja safi na ilikubalika. Mwaka 2019 Borowiec, akitumia data nyingi zaidi za jeni na jamaa wengi zaidi, alifika kwingine: siafu wa Amerika na siafu wa Afrika na Asia hawana babu mmoja aliyekuwa siafu. Kila upande uliingia kwenye ujeshi kivyake.

Mimi niko upande wa Borowiec, na si kwa sababu ya wingi wa data tu. Kama familia mbili zilizoachana zimejenga nyumba ya namna moja, inabidi tuulize walirithi matofali gani. Matofali hayo ndiyo tunayoyaona kwa ndugu wadogo: kuvamia kwa pamoja, mdundo wa mabuu, na majike wanaozaliwa bila mbawa, jambo ambalo limetokea mara kadhaa ndani ya Dorylinae hata kwa wasiohama kabisa. Kwangu hilo linamaanisha kwamba mlolongo wangu wa mwanzo, mbawa kwanza na jeshi baadaye, haulazimiki lakini unawezekana, na ule wa kinyume umepoteza nguvu. Malkia asiye na mbawa anaweza kuishi vizuri tu bila msafara. Msafara usio na malkia wa namna hiyo hatujauona katika nyumba hii.

Nasema "katika nyumba hii" kwa makusudi. Nje yake kuna chungu wanaotembea kwa misafara bila kuwa ndugu wa siafu. Waswahili walilijua hilo zamani, kwa kuwa waliwapa majina kwa mwenendo wao: siafu hawa, majimoto wale wa kwenye mwembe, na sungusungu, yule mweusi anayeuma na kunuka, ambaye Wasukuma na Wanyamwezi walilichukua jina lake kwa ulinzi wao wa vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyewapa walinzi wale jina hilo alitazama msafara, kama sisi sote.

Ukitazama uzazi badala ya msafara, kuna jambo linalobadilika hata kwenye ramani. Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ulikuwa mkubwa. Sasa ni vipande vilivyozungukwa na mahindi, miwa na chai. Wanaishi humo siafu wawili wa misafara ya juu ya ardhi, D. wilverthi na D. molestus. Dume wa wote wawili anaweza kuvuka mashamba kwa usiku mmoja. Mwali hana njia ila miguu yake na migongo ya dada zake. Molestus anavumilia mashamba, kwa hiyo kwake shamba si ukuta. Wilverthi anataka kivuli cha msitu. Akifa malkia wa mwisho katika kipande, madume kutoka kipande cha jirani wataendelea kuja, watatua, na hawatakuta msafara wa kuwapokea. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba wilverthi amepungua sana huko kadiri msitu ulivyokatwa, na molestus ndiye aliyebaki katika vipande vidogo. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ili kudaka wadudu wanaokimbia wamepungua pamoja naye, ingawa mtu akipita kwenye vipande hivyo bado ataona siafu wakivuka njia.